Wasindikizaji wa Alhamisi

Kabla ya lami, kabla ya ukuta na taa, kiwanja cha ndege cha Ukunda kilikuwa ukanda wa nyasi uliofyekwa katikati ya minazi na mikorosho, na kando yake banda moja la makuti. Ndani ya banda mlikuwa na meza, mizani, mashine ya chapa, mabenchi mawili na daftari kubwa lenye jalada jeusi. Daftari lilikuwa mali ya kampuni, lakini hakuna aliyethubutu kuliandika isipokuwa Mwanafatuma binti Othman, karani, ambaye kila asubuhi alilipangusa vumbi kwa upindo wa leso yake kabla hata hajaketi.

Ulikuwa mwaka wa nne wa Uhuru. Mwanafatuma alikuwa na miaka ishirini na miwili, ametoka chuo cha ukarani Mombasa na cheti chake ndani ya bahasha, na haya zake zilikuwa nyingi hata abiria akimwuliza saa ngapi ndege itaondoka, alijibu huku akiitazama mizani. Msimamizi wake, Kavumbi, Mduruma wa Kinango mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, alikuwa akimtania kila siku.

"Fatu, leo umesema maneno mangapi?"

"Kumi na mawili, bwana."

"Hayo sasa ni kumi na sita. Pumzika, utachoka."

Hadi mwezi wa tatu mwaka ule, ndege zilikuwa mbili kwa wiki, zote za Nairobi, nazo zilileta wageni wa hoteli za Diani, watu weupe wenye kofia za ukindu walizonunua njiani. Watu wa Ukunda walikuja kutazama tu. Walisimama nyuma ya kamba iliyozungushiwa kiwanja, wakicheka ndege ilipotua ikirukaruka kama mbuzi, kisha wakarudi kwenye shughuli zao. Hakuna aliyefikiri kwamba chombo kile kingeweza kumbeba mtu wanayemjua.

Ndipo kampuni ikatangaza njia mpya. Kila Alhamisi asubuhi ndege ya viti sita ingeondoka Ukunda, ikatua Malindi, ikaendelea hadi Lamu, na kurudi kwa njia ile ile jioni kabla ya magharibi. Barua ya kutoka Nairobi ilisema njia hiyo ni ya majaribio ya miezi sita; viti vikikaa vitupu, itafungwa.

Mwanafatuma aliisoma barua ile mara tatu. Dada yake, Mwanapili, alikuwa ameolewa Lamu.

Sasa hivi mtu akisikia Lamu haoni umbali. Siku zile, kutoka Ukunda ungevuka feri ya Likoni, ukashika basi Mombasa, ukavuka feri nyingine Kilifi, kisha ukafika Garsen ukangoja msafara wa askari, maana mashifta walikuwa bado wanavamia magari, na mvua ikinyesha mto Tana ukajaa, basi ungelala hapo hapo hata wiki. Bi Waridi, mama yao, hakuwa amemwona Mwanapili tangu siku ya harusi, na miaka sita ilikuwa imepita. Wajukuu wawili aliwajua kwa barua tu. Mmoja alikuwa na alama nyeusi chini ya sikio. Bi Waridi alimweleza kila mtu habari ya alama ile, kana kwamba amewahi kuigusa.

"Mama, ni asubuhi moja tu," Mwanafatuma alimwambia jioni ile. "Unakunywa chai hapa, adhuhuri unakula kwa Mwanapili."

"Na nani atanisindikiza?" aliuliza Bi Waridi.

Swali hilo halikuwa la mzaha. Kwao, mtu haondoki nyumbani peke yake kama kuku aliyefukuzwa. Anayekwenda sokoni husindikizwa hadi barabarani. Anayekwenda Mombasa husindikizwa hadi Likoni, na wenye mapenzi huvuka naye feri, humpandisha basi, humkabidhi kwa utingo, ndipo wakarudi. Msafiri husindikizwa hadi pale safari inapomshika. Lakini je, safari ya angani humshika mtu wapi?

Aliyelijibu swali hilo hakuwa Bi Waridi. Lilijibiwa Alhamisi ya pili, na jamaa za bibi mmoja wa Tiwi aitwaye Dama, aliyekuwa akienda Lamu kumwuguza ndugu yake. Walifika kumi na mmoja. Kavumbi akawaonyesha kamba.

"Mwisho wenu hapa."

"Hapa?" alishangaa mpwa wa Dama. "Hapa ni nyumbani, bwana. Tutamwachaje mtu nyumbani?"

"Basi mnataka kumsindikiza wapi, mawinguni?"

Wakanong'ona. Kisha watu wawili kati yao wakaja mezani kwa Mwanafatuma wakakata tiketi za Malindi. Walipanda na Dama, wakashuka Malindi, wakamwombea dua palepale chini ya bawa, ndege ikampeleka mbele. Wao wakala samaki wa kukaanga, wakasubiri, na jioni ndege ilipopita ikiwa inarudi, wakapanda wakaja zao Ukunda. Wakashuka wakiwa wametulia nyoyo. Wamefanya linalopasa.

Habari ilienea Tiwi, Msambweni, hata Kwale juu mlimani. Ndani ya mwezi mmoja ikawa ndiyo desturi. Malindi ikawa Likoni ya angani. Mtu mmoja akienda Lamu, alikwenda na wawili hadi Malindi. Mwenye jamaa wengi alikwenda na wanne. Wazee waliokuwa wakiapa kwamba hawatapanda chuma kile walipanda bila kinyongo, maana hawakuwa wakisafiri wao. Walikuwa wakisindikiza tu.

"Nyinyi Wadigo," Kavumbi alisema akicheka hadi machozi, "mtu akienda chooni mnamsindikiza."

"Nanyi Waduruma," mjomba Mbwana, kaka yake Bi Waridi, alimjibu kutoka nyuma ya kamba, "mtu akipotea ndiyo mnauliza kama alikuwapo."

Zilikuwa Alhamisi tamu zile. Baadaye sana, kiwanja kilipopata saruji na ofisi yenye kioo, Mwanafatuma alizikumbuka kwa harufu zake: korosho za kuchoma zilizofungwa kwenye majani ya mgomba, udi uliokolea kwenye mabuibui, nyasi iliyolowa umande, na mafuta ya ndege. Alikumbuka bibi aliyevua viatu kabla ya kupanda ngazi, akaviacha chini vimepangwa vizuri, akarudi jioni akavikuta vilevile. Alikumbuka mabinti wakimpungia ndugu yao mikono mpaka ndege ikawa nukta, kisha wakaendelea kupunga, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuacha.

Na daftari lilijaa. Mwezi wa nne abiria wa Alhamisi walikuwa kumi na mmoja. Mwezi wa sita wakawa thelathini na wawili. Mwezi wa nane, arobaini na saba. Kavumbi alichora mstari kwa penseli nyekundu kwenye karatasi aliyoitundika nguzoni, na mstari ulipanda kama mtu akweaye mnazi. Kila msindikizaji aliandikwa mara mbili, asubuhi akienda Malindi na jioni akitoka Malindi. Mwanafatuma aliliona hilo. Alilijua vizuri kuliko mtu yeyote, kwa kuwa majina yale aliyaandika kwa mkono wake mwenyewe. Lakini kila Kavumbi alipofunga bahasha ya taarifa ya mwezi na kusema, "Njia yetu imesimama, Fatu, hawaifungi tena hii," yeye alinyamaza. Viti vilikuwa vimejaa. Njia ya Lamu ilikuwa salama. Angesema nini?

Bi Waridi naye aliendelea kuahirisha. Kwanza alisema anangoja mvua iishe. Kisha anangoja mpunga. Kisha akasema atakwenda baada ya kuvuna korosho, asiende kwa binti yake mikono mitupu.

Barua ya kutoka Nairobi ilikuja mwanzoni mwa mwezi wa tisa. Kavumbi aliifungua akitabasamu, akaisoma kwa sauti kubwa, na sauti ikawa inapungua kadiri alivyosoma. Kampuni iliwapongeza kwa ongezeko kubwa la abiria. Kwa kuwa takwimu zimeonyesha wazi kwamba watu wa Ukunda wanasafiri kwenda Malindi, kuanzia mwezi wa kumi ndege ya viti kumi na vinne itakwenda Malindi mara tatu kwa wiki. Safari ya Lamu, ambayo abiria wake ni wachache, itaondolewa. Safari ya mwisho, Alhamisi ya mwisho wa mwezi.

Nje mbuzi wa mtu alikuwa akila nyasi za kampuni.

"Malindi?" alisema Kavumbi. "Nani anakwenda Malindi? Hakuna mtu anayekwenda Malindi!"

"Ni kosa langu," alisema Mwanafatuma.

Akamweleza yote, akiitazama mizani. Kavumbi alimsikiliza hadi mwisho bila kumtania. Kisha akasukuma mashine ya chapa mbele yake.

"Waandikie. Andika kama ulivyoniambia."

Alikaa nayo siku nzima. Aliandika kwamba abiria wa Malindi si abiria wa Malindi, ila ni jamaa wa abiria wa Lamu. Kwamba Lamu ikiondolewa hapatakuwa na mtu wa kusindikizwa, na viti kumi na vinne vitakaa vitupu. Jibu lilikuja upesi, mistari miwili. Abiria ni abiria, walisema, na tiketi ni tiketi. Na kweli ndege kubwa ilipokuja mwezi wa kumi iliruka kwenda Malindi na watu wawili, mara nyingine bila mtu, mpaka watalii walipoigundua. Na mabwana wa Nairobi waliandika barua tatu kuuliza watu wa Ukunda wamepatwa na nini. Lakini hilo lilikuwa la mbele. Wakati ule Mwanafatuma alikuwa na Alhamisi tatu tu, na mama ambaye alikuwa akingoja korosho.

Alimwambia mama siku ile jibu lilipofika, wakiwa uani, Bi Waridi akikuna nazi. Mkono ukasimama juu ya mbuzi ya kukunia.

"Basi," alisema mama. "Haikuandikwa."

"Mama, zimebaki Alhamisi tatu. Viti vipo. Nitakuandika leo."

"Sina hata korosho moja ya kuwapelekea watoto."

"Mama, si korosho."

Bi Waridi akaikung'uta ile nazi, akaiweka chini. Kisha akasema, kwa sauti ambayo Mwanafatuma hakuwa ameisikia kwake:

"Wewe ulikuwa shuleni siku ile. Hukuona. Walipokuja kumchukua dada yako nilijifungia chumbani. Nilisema kichwa kinaniuma. Kichwa hakikuwa kinaniuma, Fatu. Nilikasirika kwamba amemkubali fundi wa kuchonga milango aliyekuja kufanya kazi hotelini, amwondoe mwanangu hadi mwisho wa dunia. Walimsindikiza watu wote wa mtaa. Shangazi zake walivuka naye feri. Mimi sikumfikisha hata kizingitini. Alibisha mlango. Alisema, mama, nakwenda. Nikanyamaza." Aliokota kifuu akakitazama ndani. "Sasa nishuke kule mbele ya watu, na kikapu, nimwambie nini? Atakuwa amekwisha zoea kutokuwapo kwangu."

Mwanafatuma alitaka kusema jambo. Aliingia ndani akapasha chai.

Alhamisi ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita.

Alhamisi ya mwisho ndege ilikuwa imejaa tangu juzi yake. Viti vya mbele vilikuwa na wageni wawili wa hoteli, mume na mke, waliokuwa wakienda kuona mji wa kale karibu na Malindi. Kiti cha tatu kilikuwa cha Rispah, muuguzi aliyehamishiwa hospitali ya huko. Vitatu vilivyobaki vilikuwa vya Mwalimu Shehe wa Msambweni, aliyekuwa akienda kwa nduguye Lamu, na wapwa zake wawili waliokuwa wakimsindikiza, Chome na Kahindi. Mwalimu Shehe alikuwa mtu wa kujipenda; amevaa koti jipya lililokuwa bado na mkunjo wa dukani, na alikuwa amekataa kupimwa uzito mpaka alipohakikishiwa kwamba hautatangazwa.

Rubani, Mzungu mzee waliyemwita Kapteni Brodi, alikuwa amekwisha kuzunguka ndege mara moja akigongagonga matairi, Mwanafatuma alipoinua macho akaona baiskeli ya mjomba Mbwana ikija kati ya minazi. Nyuma ya baiskeli, ameketi upande, buibui limekusanywa magotini na kikapu mapajani, alikuwa mama yake.

Mbwana akafunga breki. Bi Waridi akashuka, akajitengeneza, akasalimu watu wote mmoja mmoja kwa utaratibu kana kwamba amekuja matangani. Kisha akasema chini chini, "Nimekuja tu hadi hapa. Nikishindwa, mjomba wako atanirudisha."

"Nimemsindikiza hadi mlango wa ndege," alisema Mbwana. "Zaidi ya hapo mimi siwezi, Fatu, moyo wangu haupandi juu ya mnazi."

Kavumbi alikuja na orodha mkononi. Alimwonyesha Mwanafatuma yale majina sita, kisha akageuka akaanza kuifunga kamba ambayo haikuwa imefunguka.

Mwanafatuma aliinuka mezani. Alipita kando ya mizani bila kuitazama. Akaenda hadi kwa Mwalimu Shehe aliyekuwa amesimama chini ya bawa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti Othman."

"Mwalimu, ninaomba kiti kimoja. Cha Chome."

Chome akashtuka. "Dada, unataka nimwache mjomba wangu njiani?"

"Si njiani. Ni hapa."

"Ndiyo vibaya zaidi! Watasema tumemtupa mlangoni."

"Na mimi niseme nini huko Msambweni?" alisema Mwalimu Shehe, akilishika koti lake kifuani. "Kwamba nimesindikizwa na mtu mmoja, kama mchuuzi wa pweza? Binti, baba yako nilimsomesha. Hakuwa na maombi ya namna hii."

"Fatu," aliita Bi Waridi kutoka nyuma, sauti ikitetemeka, "usivunjie watu heshima yao. Twende zetu, Mbwana."

Kapteni Brodi akaitazama saa yake. Maneno ya Mwanafatuma, kwa mara ya kwanza, yalitoka yenyewe.

"Mwalimu, Chome anakusindikiza hadi wapi?"

"Malindi. Wote wanaishia Malindi."

"Na kutoka Malindi hadi Lamu uko na nani?"

Mwalimu Shehe aliwatazama wapwa zake.

"Mama yangu anakwenda Lamu. Umpe kiti hicho, akusindikize hadi mwisho, hadi unatia mguu mashuani kule kiwanjani Manda, uvuke kwenda Lamu. Tangu njia hii ianze, mimi ndiye ninayeandika, na ninakwambia hakuna mtu hata mmoja wa pwani hii aliyewahi kusindikizwa hadi Lamu. Utakuwa wa kwanza. Na hii ndiyo safari ya mwisho, kwa hiyo hapatakuwa na wa pili."

Mzee akanyoosha koti lake. Akatazama kikapu cha Bi Waridi, akatazama ndege, akatazama watu waliokuwa nyuma ya kamba kuona kama wamesikia. Walikuwa wamesikia.

"Na yeye mama yako," aliuliza polepole, "anasindikizwa na nani?"

"Na wewe, Mwalimu. Hadi Lamu pia."

"Hm." Akakohoa. "Chome, shuka kitini."

"Sijapanda bado, mjomba."

"Basi usipande."

Kicheko kilichopasuka nyuma ya kamba kilimfanya Rispah atoe kichwa mlangoni kuuliza kuna nini. Kavumbi alikimbia na mizani kama mtu anayeokoa nyumba inayoungua. Bi Waridi alipimwa, kikapu kikapimwa, na Mwanafatuma aliandika kila kitu kwa mwandiko uliopinda. Ndani ya kikapu hamkuwa na korosho. Mlikuwa na nguo mbili ndogo za watoto, zilizoshonwa kwa mkono, ambazo Mwanafatuma hakuwahi kuziona zikishonwa.

"Kurudi, mama," alimnong'oneza kwenye ngazi. "Ndege haitakuwapo. Na barabara ya Garsen..."

"Barabara itafunguka Mungu akipenda. Ikichelewa, nitakuwa kwa mwanangu." Akashika kichwa cha Mwanafatuma kwa mikono yote miwili, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo, akamsomea dua masikioni. Kisha akapanda, akaketi nyuma ya Mwalimu Shehe, akafumba macho kabla hata injini haijawashwa.

Watu walipunga mikono. Mwanafatuma hakupunga, alisimama na daftari kifuani mpaka mlio ukaisha na ndege wa mwituni wakarudi kwenye mikorosho. Kisha akakaa kusubiri. Siku ile hakula. Mjomba Mbwana naye alikataa kuondoka, akalala juu ya benchi, kofia usoni.

Ndege ilirudi jua likiwa limeegemea minazi. Kahindi alishuka, amepata usingizi mzuri Malindi. Kapteni Brodi alishuka wa mwisho, amenuna, akaja moja kwa moja mezani. Kiswahili chake kilikuwa kile cha Wazungu wa mashamba, kisichobadilika kwa mtu wala wakati.

"Leta karatasi ya ripoti," alisema. "Kule Manda iko taabu. Mwanamke naingia kwa kiwanja, propela bado nazunguka. Nakimbia! Mimi napiga kelele, hapana sikia."

Mwanafatuma aliinua macho. "Mwanamke gani, Kapteni?"

"Ile iko na watoto mbili. Moja kwa mgongo, moja nashika mkono. Wewe hapana jua? Kila Alhamisi iko. Nakuja na mashua, nakaa pale kwa mapipa ya petroli, naangalia watu nashuka. Basi. Watu naisha, yeye narudi kwa mashua."

"Kila Alhamisi?"

"Tangu safari ya kwanza. Mvua, jua, iko tu." Alivua kofia akapangusa shingo. "Mimi nafikiri, labda napenda kuona ndege. Leo mama yako hapana maliza ngazi, ile mwanamke nafika. Hatari sana. Andika."

Mbwana alikuwa ameamka, ameketi wima, kofia mkononi. Kavumbi alikuwa amesimama mlangoni.

Mwanafatuma alichukua karatasi, akaingiza kwenye mashine, akaandika kama alivyoagizwa: kwamba Alhamisi hiyo, katika kiwanja cha Manda, mwanamke mmoja na watoto wake wawili waliingia njia ya ndege kabla injini haijazimwa, wakaifikia ngazi, na kwamba hakuna aliyeumia. Ilimbidi aiandike mara mbili, maana nakala ya kwanza ililowa.